Tabibu Anayetaka Kuwa Daktari: Ajipime Vipi Kabla ya Kuomba Chuo?

Saa nane usiku, katika zahanati ya kijiji, analetwa mama mwenye mimba ya kwanza ambaye amekuwa na uchungu tangu alfajiri. Uchunguzi unaonyesha kwamba mtoto amekwama na mapigo ya moyo wake yanashuka. Tabibu wa zamu anamwekea mama dripu, anaandika barua ya rufaa na kuita gari la wagonjwa, ambalo linafika baada ya saa mbili. Asubuhi habari zinarudi kutoka hospitali ya wilaya: mama amepona, mtoto hakunusurika. Siku hiyohiyo tabibu anaazimia kwenda kusomea udaktari.

Mfano huu ni wa kutunga, lakini watumishi wengi wa afya watajiona ndani yake. Azma ya namna hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, majonzi ya usiku mmoja ni sababu ya kuanza kujiuliza, hayajawa jibu.

Kilichokosekana ni nini?

Tuseme aliyekuwa zamu usiku ule angekuwa daktari bingwa wa uzazi. Zahanati ile haina chumba cha upasuaji, haina damu wala mtaalamu wa usingizi. Bingwa naye angeweka dripu, angeandika barua ileile na kusubiri gari lilelile. Kilichomponza mtoto ni umbali na kuchelewa, wala si cheti cha aliyempokea mama yake.

Kwa hiyo anayefikiria kuomba nafasi ya udaktari aanze na daftari. Kwa muda wa miezi mitatu aandike, bila kutaja majina, kila mgonjwa aliyeshindwa kumsaidia kama alivyotaka. Mbele ya kila mmoja aandike kilichokosekana: elimu, mamlaka ya kada, vifaa, au nguvu zake mwenyewe kwa sababu ya uchovu.

Mwisho wa miezi hiyo daftari litasema. Ikiwa sehemu kubwa ni vifaa na usafiri, shahada haitavileta. Hilo ni jambo la kupeleka kwenye kamati ya afya na kwa mganga mkuu wa wilaya. Ikiwa ni uchovu, dawa yake ni mapumziko na mpango bora wa zamu, kwa maana masomo ya udaktari hayamponyi aliyechoka. Ikiwa ni elimu, ajiulize tena: je, jibu lilikuwamo katika mwongozo wa matibabu uliopo kabatini? Pengo la aina hiyo huzibwa kwa kujisomea au kwa mafunzo ya muda mfupi. Lakini kurasa zikijaa wagonjwa waliohitaji maarifa mapana zaidi, au huduma ambayo kada ya tabibu hairuhusiwi kuitoa, basi sababu ya kuomba imepatikana, na ni sababu itakayodumu kuliko tamaa ya koti jeupe.

Kupenda kuuliza "kwa nini"

Tabibu mzoefu anajua kwamba mtoto mwenye malaria kali na uzito usiofikia kilo 20 huchomwa artesuneti miligramu 3 kwa kila kilo, ilhali mwenye uzito wa kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4. Kazini, kujua hivyo kunatosha kuokoa maisha. Chuoni ataulizwa kwa nini mwili wa mtoto mdogo unahitaji kipimo kikubwa zaidi, dawa inamuuaje kimelea, na sukari ya damu inashukaje. Miaka ya mwanzo ya udaktari imejengwa juu ya maswali hayo, katika anatomia, fiziolojia na baiokemia, kabla ya mwanafunzi kuzama katika wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi.

Njia nyepesi ya kujipima ni kuazima kitabu cha fiziolojia na kukisoma saa moja kila siku baada ya kazi kwa wiki nane. Asiyeelewa yote asikate tamaa; hakuna anayeelewa yote. La kuangalia ni kama anarudi kitabuni bila kusukumwa. Ajiulize pia kama yuko tayari, baada ya miaka mingi ya kuitwa "daktari" kijijini, kuketi na vijana waliotoka kidato cha sita na kusahihishwa mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Vyeti, muda na fedha

Kwa mwenye stashahada ya utabibu, miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imekuwa ikidai wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza katika kidato cha nne. Vigezo hupitiwa upya, hivyo muombaji asome mwongozo wa mwaka anaoomba, wala asitegemee maneno ya waliomtangulia. Kutimiza vigezo nako si sawa na kupata nafasi, kwa kuwa washindani ni wengi.

Masomo huchukua miaka 5, na baada yake mwaka 1 wa utarajali kabla ya usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayeanza akiwa na miaka 32 atakuwa amefikisha 38. Mtumishi wa umma anahitaji ruhusa ya mwajiri kabla ya kuondoka. Asome pia masharti ya Bodi ya Mikopo mapema, kwa sababu mwenye ajira asijijengee matumaini ya mkopo kabla hajajua kama anastahili. Hesabu ya ada, chakula na watoto wanaobaki nyumbani ifanywe pamoja na mwenzi wa ndoa, kwenye karatasi, kabla ya kujaza fomu.

Mgonjwa anayebaki

Wagonjwa nao wana sehemu katika uamuzi huu. Tabibu anayeondoka huacha wajawazito waliomzoea na wenye shinikizo la damu waliokuja kila mwezi kwa sababu yake. Hilo lisimzuie kusoma, bali limkumbushe kukabidhi kazi vizuri na kumwandaa atakayeshika nafasi yake.

Aliyepitia maswali haya akaona hajawa tayari mwaka huu hajashindwa. Anaweza kurudia mtihani wa somo lililomwangusha, kuweka akiba, au kuchagua shahada nyingine ya afya inayolingana na yaliyomo katika daftari lake. Naye akibaki kuwa tabibu, akawahi kutambua uchungu uliokwama na kuita gari saa tatu mapema zaidi, mtoto wa safari ijayo anaweza kufika hospitalini akiwa hai.