Somo la Wiki: Mali Kauli ya Mtandaoni

Shabaha ya somo. Baada ya somo hili mwanafunzi aweze: (1) kueleza wazi kasoro ya kitu anachokiuza, (2) kujibu malalamiko kwa adabu, (3) kutofautisha kauli ya kutenda na kauli ya kutendeka.

Wazazi, tafadhali someni pamoja na watoto. Sehemu ya 5 ni yenu hasa.

1. Kusoma

Baadhi ya wanafunzi wetu wanakusanya stempu, sarafu au magari madogo ya kuchezea. Wengine wanatengeneza bangili za ushanga. Vitu vikizidi, mtu hutamani kuviuza. Hapa Afrika Kusini soko moja la mtandaoni linalojulikana kwa wakusanyaji ni Bob Shop, lililoanzishwa mwaka 1999 kwa jina la bidorbuy.

Wazee husema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni Yeoville methali hiyo ni kweli, kwa sababu mnunuzi anashika nyanya, anaiminya kidogo, kisha anaamua. Mtandaoni hawezi kushika chochote. Ana picha zako, maneno yako, na yale waliyoyaandika watu walionunua kwako kabla yake. Maandishi hayo ya walionunua tunayaita *mrejesho*.

Kuuziana kwa kuaminiana si jambo geni kwa Waswahili. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa misafara waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walichukua nguo, shanga na waya kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, wengi wao wenye asili ya Kihindi. Walilipa waliporudi na pembe za ndovu, pengine baada ya miaka. Mali iliyochukuliwa hivyo iliitwa *mali kauli*, yaani mali inayotolewa kwa neno la mtu. Aliyevunja neno lake hakuwa na cha kuchukulia mali safari ya pili.

Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko Marekani soko lililokuja kuitwa eBay. Mwaka 1996 soko hilo liliweka mahali pa muuzaji na mnunuzi kuandikiana mrejesho. Likazuka tatizo: mnunuzi akimlalamikia muuzaji, muuzaji alilipiza kwa kumwandikia mabaya. Wanunuzi wengi wakanyamaza kwa hofu. Mwaka 2008 eBay ilibadilisha kanuni, na tangu hapo muuzaji hawezi kumwandikia mnunuzi mrejesho mbaya.

Je, jina jema lina bei? Watafiti wa Marekani walilipima jambo hilo kwa postikadi za zamani. Muuzaji mzoefu aliuza kadi zinazofanana kwa jina lake lenye sifa ya miaka mingi, na pia kwa majina mapya yasiyojulikana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: wanunuzi walilipa takriban asilimia 8 zaidi kwa jina linalojulikana.

2. Kueleza kasoro

Chukua mfano wa stempu za kwetu. Mwaka 1895 posta ya Zanzibar ilitumia stempu za India zilizopigwa chapa ya neno "Zanzibar" juu yake. Chache zilichapwa vibaya, zikasomeka "Zanzidar". Wakusanyaji wanalitafuta kosa hilo, na chapa za aina hiyo zimeghushiwa pia.

Ukiikuta stempu kama hiyo katika albamu ya babu, usiandike "halisi" kwa sababu tu unatumaini ni halisi. Andika unachokijua:

*Imetoka katika albamu ya familia. Haijakaguliwa na mtaalamu. Jino moja la pembeni limekatika. Nyuma kuna alama ya gundi. Tazama picha ya 3.*

Piga picha mbele, nyuma, na karibu kabisa na kasoro. Mnunuzi aliyeambiwa kasoro kabla ya kulipa hana la kulalamikia baadaye.

3. Sarufi: nani aliyefanya?

Linganisha vitenzi hivi:

kunja – kunjika
chana – chanika
vunja – vunjika
haribu – haribika

Upande wa kushoto kuna mtendaji: *Umeikunja stempu.* Upande wa kulia tunaona hali tu, mtendaji hatajwi: *Stempu imekunjika.*

Kauli ya kutendeka ni ya adabu pale tusipojua kilichotokea. Mnunuzi anayeandika "bahasha imefika ikiwa imechanika" anaeleza shida yake bila kumshtaki mtu. Anayeanza na "umenichania bahasha" amekwisha kuhukumu.

Lakini angalia: kauli hiyohiyo inaweza kuficha. Kama wewe mwenyewe uliikunja stempu ulipokuwa unafunga bahasha, kusema "ilikunjika" ni kujificha nyuma ya sarufi. Sema "niliikunja". Kiswahili kinakupa njia zote mbili. Uaminifu ni kuchagua iliyo kweli.

4. Mazungumzo

Binti wa miaka 13, akitumia akaunti ya mama yake, ameuza stempu ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa randi 150. Mnunuzi ni mzee mmoja mkusanyaji.

*Mnunuzi:* Habari za leo. Stempu imefika, lakini pembe moja imekunjika. Kwenye picha sikuona mkunjo. Naomba tuangalie pamoja.

*Jibu la kwanza:* Mimi nilituma nzima. Labda wewe ndiye uliyeikunja. Ukiniandika vibaya, nami nitakuandika.

*Jibu la pili:* Shikamoo, mzee. Pole kwa usumbufu. Nimetazama tena picha zangu: pembe ilikuwa nzima, lakini niliituma bila kuweka kadi ngumu ndani ya bahasha. Kosa hilo ni langu. Ukipenda, nirudishie stempu, nami nitakurudishia randi zote 150 na gharama ya kuituma. Ukipenda kubaki nayo, nitakurudishia randi 60. Mama atalipa leo ukishachagua.

Jibu la pili lina mambo manne: salamu na pole, ukweli uliochunguzwa, kukubali sehemu yake, na njia mbili zenye kiasi na siku. Halikumwomba mzee aandike nyota 5. Hilo atalipima mwenyewe.

Na kama mnunuzi hana haki? Jibu mara moja, kwa ukweli na bila tusi: "Mkunjo huu ulionekana katika picha ya 2, na niliutaja katika maelezo." Kisha nyamaza. Msomaji wa jibu hilo si yeye peke yake. Mnunuzi wako anayekuja atalisoma pia.

5. Kwa wazazi

Nchini humu mtu huwa mtu mzima kisheria akifika miaka 18. Akaunti iwe ya mzazi, na mzazi asome kila ujumbe.

Msitume kitu kwa sababu mmeonyeshwa picha au SMS ya "uthibitisho wa malipo". Zinaghushiwa kirahisi. Fungueni programu ya benki yenu na muone fedha zimeingia.

Tumeni kwa njia yenye namba ya kufuatilia mzigo, kwa mfano Paxi inayopokelewa kwenye maduka ya PEP. Mkikubaliana kukutana, iwe mchana, mahali penye watu wengi, na mtoto asiende peke yake. Picha zisionyeshe sare ya shule wala namba ya nyumba.

La mwisho: shangazi na wajomba katika kundi la familia watapenda kumsaidia mtoto kwa kumwandikia sifa. Kama hawakununua, wasiandike. Huo ni upendo, lakini mgeni anayesoma atadhani ni ushahidi, atatoa fedha zake kwa ajili yake.

6. Msamiati

mrejesho – maoni ya mtu baada ya kununua au kuuza
kasoro – upungufu katika kitu
kughushi – kutengeneza kitu cha uongo kifanane na cha kweli
kulipiza – kumtendea mtu ubaya kwa sababu alikutendea

7. Mazoezi

1. Geuza ziwe katika kauli ya kutendeka: (a) Amevunja bangili. (b) Wamechana bahasha. (c) Umeharibu albamu.
2. Chagua kitu kimoja nyumbani chenye kasoro. Andika tangazo la sentensi nne, moja iwe juu ya kasoro hiyo.
3. Umepokea gari la kuchezea lisilo na gurudumu moja. Mwandikie muuzaji sentensi tatu bila kumshtaki.
4. Muulize mtu mzima wa nyumbani: ni nani aliyewahi kukupa kitu kwa neno lako tu? Ulilitimizaje? Njoo na jibu darasani Jumamosi.