Sadaka ya Mtawala

Mkatekumeni wa Niania aweza kuuliza: mkubwa wa serikali akileta fedha kanisani, kwa nini zikataliwe?

Makanisa ya uamsho, yale ya unabii na uponyaji yajulikanayo pia Kongo, siku hizi yako karibu sana na watawala. Huko Marekani, mhubiri Paula White alisali katika kuapishwa kwa Donald Trump mwaka 2017. Mwaka 2025 akawekwa kuongoza ofisi ya dini ya Ikulu.

Kenya ni jirani zaidi. Wachungaji wengi wa uamsho walimwunga mkono William Ruto, aliyechaguliwa kuwa Rais mwaka 2022. Machi 2025 alilitolea kanisa la Jesus Winner, Nairobi, shilingi milioni 20. Vijana wakaandamana kwa hasira.

Lakini Novemba 2024, alipotoa fedha katika kanisa Katoliki la Soweto, mjini humo humo, Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza zirudishwe, hata zile za waimbaji. (Neno gumu hilo kwa waimbaji!) Siku chache kabla, maaskofu walikuwa wameikemea serikali hadharani kwa ahadi zisizotimizwa na kodi nzito. Nani angewasikiliza tena, kama wangalipokea?