Ugonjwa Usiouma

Soma kwa ajili ya somo hili: Mithali 27:23, Hosea 7:8–10, Walawi 13:1–8, 2 Mambo ya Nyakati 16:7–12, 1 Wakorintho 6:19, 20.

Fungu la kukariri: Mithali 27:23.

Fungu la kukariri linamhusu mfugaji, na linamtaka aijue vema hali ya wanyama wake. Mfugaji mzuri hangoji ng'ombe aanguke ndipo amtazame. Kila jioni huhesabu kundi, humtazama huyu macho na yule kwato. Lakini mfugaji huyohuyo, au mwalimu, au shemasi wa kanisa, aweza kumaliza miaka kumi bila kujua presha yake ni ngapi. Akiulizwa hujibu, "Mimi najisikia vizuri tu." Somo hili linalipima jibu hilo kwa Maandiko.

Mvi asizoziona mwenyewe

Soma Hosea 7:8–10. Nabii anasema juu ya taifa la Efraimu lililojichanganya na mataifa na kumwacha Mungu. Hasemi juu ya magonjwa. Hata hivyo mfano anaoutumia ameutoa mwilini: mtu ameota mvi, nguvu zake zimeliwa, naye hana habari. Majirani wanaona. Yeye anatembea kama kijana.

Presha ya juu hufanya kazi kwa namna hiyo. Damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu iliyozidi, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Misuli ya moyo hunenepa kwa kazi ya ziada, figo huharibika polepole, mishipa ya ubongo hudhoofika. Katika muda huo wote mtu analima, anaimba kwaya, anafunga na kuomba. Wengi hudhani kwamba mwenye presha lazima aumwe kichwa, basi kichwa kisipouma wanajihesabu salama. Kwa wengine dalili ya kwanza huwa ni kiharusi chenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya juu, na karibu nusu yao hawakujua.

Waadventista wasijiondoe katika hesabu hiyo. Nuru ya matengenezo ya afya ilimfikia Ellen White huko Otsego, Michigan, mwezi Juni 1863. Agosti 1865 mumewe James, mwenye miaka 44, akiwa amechoshwa na kazi nyingi za kanisa, alipatwa na kiharusi. Siku zile hapakuwa na chombo cha kumwonya. Mkanda wa kupimia presha unaofungwa mkononi ulibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896. Leo kipimo hicho kipo hata katika zahanati ndogo. Kujiepusha na nyama, pombe na tumbaku hupunguza hatari sana, lakini hakuifuti. Chumvi nyingi, usingizi haba, unene, umri na urithi wa wazazi havimwulizi mtu anasali wapi.

*Ni mara ngapi umetumia maneno "najisikia vizuri" kama sababu ya kutopima?*

Kuhani alitazama zaidi ya mara moja

Soma Walawi 13:1–8 polepole. Mtu mwenye alama ngozini alipelekwa kwa kuhani. Alama isipoeleweka, kuhani hakukisia. Alimtenga mtu yule siku saba, akamtazama, akamtenga siku saba nyingine, akamtazama tena. Na hata baada ya kutangazwa kuwa safi, alama ikienea ilimpasa kujionyesha kwa kuhani mara nyingine (fungu la 7). Cheti cha mwezi uliopita hakikumlinda.

Kipimo kimoja cha presha nacho hakitoshi. Mtu aliyekimbilia basi, aliyegombana nyumbani, au anayeogopa koti jeupe la daktari, presha yake hupanda kwa muda. Kwa sababu hiyo madaktari wengi humshauri mgonjwa apime nyumbani asubuhi na jioni kwa siku saba, aandike katika daftari, kisha alete daftari hilo kliniki. (Mtu asijenge fundisho juu ya kufanana kwa siku hizo saba.)

Namna ya kupima ina uzito wake. Kaa kitini dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, kibofu kitupu. Mkanda ufungwe juu ya mkono usio na nguo, mkono ukiwa umelazwa mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kuacha dakika moja katikati. Presha iliyo chini ya 120/80 ni njema. Ikirudiarudia kliniki kuwa 140/90 au zaidi, au nyumbani 135/85 au zaidi, ni ya juu na yataka daktari. Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, macho kutoona vizuri au mdomo kwenda upande, usipime tena wala usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kosa la Asa

Mfalme Asa aliugua miguu katika mwaka wa 39 wa kutawala kwake, na Biblia inamlaumu kwamba aliwatafuta waganga pasipo kumtafuta Bwana. Fungu hili, 2 Mambo ya Nyakati 16:12, limewafanya baadhi ya waumini waone haya kwenda kliniki. Lakini anza kusoma kwenye fungu la 7. Asa alikuwa amekwisha kumtegemea mfalme wa Shamu kuliko Mungu, na mwonaji aliyemwambia ukweli akamtia gerezani. Kuwaendea waganga kulifuata njia aliyokwisha kuichagua. Hezekia naye aliugua, akaomba kwa machozi, na baada ya Mungu kuahidi kumponya, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:1–7).

Hatari kubwa zaidi makanisani iko kwa yule aliyekwisha kupimwa. Anameza dawa miezi mitatu, presha inashuka hadi 125/80, naye anasema amepona na kuziacha. Mara nyingi presha imeshuka kwa sababu ya dawa. Anayetaka kujua kama Mungu amemwondolea ugonjwa aendelee na dawa, aendelee kupima, na daktari ndiye apunguze.

Maswali ya kujadili

Asa alimfunga mwonaji kwa kumwambia ukweli. Kuna kufanana gani kati yake na mtu anayeogopa kupimwa?

Mzee wa kanisa ametoa ushuhuda kwamba ameponywa presha kwa maombi, na ameacha dawa. Mkewe amelieleza darasa lako kwa siri kwamba kipimo cha juzi kilikuwa 170/105. Nani azungumze naye, na aanze kwa maneno gani?

Kanisa lenu lina mashine ya presha? Ikiwa ipo, inapima watu lini, na ni nani anayetunza daftari?