SOMO LA KIKUNDI: BABA ALIENDA BAAMA



Tulipotembelea kikundi kimoja hapa Naitiri tuliomba kila mtu ajitambulishe na kumtaja mzazi wake. Kukhu mmoja wa miaka themanini na kitu akasema tu, "Baba alienda Baama," akaketi. Wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

Baama ni Burma, siku hizi Myanmar. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wengi waliingia KAR, ndio tuliowaita keya. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, mvua juu, matope chini, malaria kila upande. Wengine hata huko hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Maiti ingetoka wapi?

Sasa hapa ndipo penye shida. Kwetu Wabukusu, mtu akishazikwa, siku ya tatu watu huketi, nywele zinanyolewa, na madeni, mali na watoto wa marehemu hutajwa mbele ya wote. Kwa baba yake Kukhu hapakuwa na mwili, basi hawakuketi. Mama akarithiwa. Familia ilipohamia huku kwenye mashamba ya makazi baada ya uhuru, Kukhu akahesabiwa mtoto wa baba mdogo. Hadai shamba. Anataka mjukuu aliyepewa jina la yule askari ajue limetoka wapi.

Tuliketi naye na daftari. Tulijifunza kwamba ukiuliza "alikufa lini?" utaambiwa sijui, na mazungumzo yameisha. Uliza alitahiriwa na rika gani, Bakananachi au Bakinyikeu, na nani alikuwa mwenzake. Uliza jina la babake na la chifu wa wakati huo. Karani wa jeshi aliandika jina jinsi alivyolisikia, kwa hiyo liandikeni kwa kila namna. Kisha kijana mwenye simu atafute kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni bure. Mnara wa Taukkyan, karibu na Yangon, peke yake una majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana.

Jina likikosekana, tafadhali msimwambie mzee kwamba baba yake hakuwa askari. Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi mno, hasa wapagazi wa kariakoo wa vita vya kwanza, hawakuandikwa kwa majina.

La baba yake Kukhu bado hatujalipata. Lakini Novemba, siku ya marehemu wote, lilisomwa kanisani, na Jumamosi yake ukoo ukaketi nyumbani. Mzee mmoja akasimama, akamtaja Kukhu kuwa mtoto wa nani.

Ya kujadili: Kijijini kwenu ni nani alienda vitani asirudi, iwe Burma au juzi El Adde, Somalia, Januari 2016? Ni nani aliye hai anayelijua jina lake lote?