Mswada wa Ugaidi Ukija, Anza na Kifungu cha 2

Tuseme vijana wa Matinyani wamechoshwa na mifereji mikavu, wakapanga mawe barabarani na kuzuia matatu za kwenda Kitui mjini asubuhi nzima. Je, huo ni ugaidi? Kwa sheria ilivyo leo, hapana. Lakini jibu hilo limeshikiliwa na mistari michache ya kifungu cha 2 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ya mwaka 2012, na Bunge lina uwezo wa kuibadilisha.

Kifungu hicho kinataka mambo mawili yawepo kwa pamoja. Kwanza kitendo, au tishio lake: kushambulia mtu, kuhatarisha maisha, kuharibu mali vibaya, kutumia bunduki au vilipuzi, kuvuruga huduma muhimu na mengineyo. Pili kusudi: kutia wananchi hofu, kuishurutisha serikali au kuyumbisha taasisi za nchi. Halafu ipo kinga ambayo wengi hawaijui. Kuvuruga huduma katika maandamano au mgomo hakuhesabiwi ugaidi, mradi wahusika hawakukusudia kudhuru watu, kuhatarisha maisha au usalama wa umma, wala kuharibu mali vibaya. Kufunga barabara kunaweza kuwa kosa kwa sheria nyingine, ila si la kukufunga hadi miaka 30 kama ugaidi.

Kwa hiyo mswada wowote wa kurekebisha maana ya ugaidi ukitangazwa, uliza: je, sasa kitendo kinatosha bila kusudi? Kinga ya waandamanaji ingalipo? Ikiwa imefutwa, piga kelele mapema.

Nasema hivi kwa sababu baada ya maandamano ya kuipinga serikali ya Juni 25 na Julai 7, 2025, kuna vijana waliofikishwa katika mahakama ya Kahawa, Nairobi, kwa tuhuma za ugaidi. Chini ya sheria hii polisi wanaweza kuomba mahakama iwaruhusu kumzuilia mshukiwa siku 30, kisha kuongezewa hadi siku 90 kwa jumla. Kwa mzazi wa Matinyani, Kahawa ni zaidi ya kilomita 150. Nauli, wakili, kazi ya shamba iliyolala: hayo yote yanamwangukia kabla kesi haijasikilizwa.

Katiba, kifungu cha 118, inalitaka Bunge lihusishe wananchi. Tangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, likiwa na siku ya mwisho. Barua yako iende kwa Karani wa Bunge la Taifa, na ukurasa mmoja unatosha: jina la mswada, nambari ya kifungu, unachotaka na sababu. Andika, kwa mfano, "Kinga ya maandamano na migomo ibaki kama ilivyo." Na Bunge likipitisha kwa pupa, mahakama ipo. Sheria ya usalama ya Desemba 2014 ilipita katikati ya fujo bungeni, na Februari 23, 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vyake vinane.

Mtu wako akikamatwa, fika kituoni upesi na uulize nambari ya OB (kitabu cha matukio) pamoja na kosa lililoandikwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, hata iwe Kikamba, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24.