MTU WA PILI
Somo juu ya kusema haki mbele ya wengi



Katika darsa iliyopita liliulizwa swali ambalo halikupata jawabu ya kutosha, nalo ni hili: kwa nini mtu aijuaye haki na kuiamini hunyamaza anapoona wenziwe wote wameelekea upande mwengine? Wengine walisema ni udhaifu wa imani, wengine wakasema ni uoga tu. Jawabu hizo zina kweli ndani yake, lakini hazitoshi. Kwani tumewaona mashujaa, mabaharia wasiochelea bahari ya kusi, ambao katika mkutano wa watu ishirini wa mtaani kwao hawawezi kunyanyua mkono.

Na tutazame jambo lililotukia Kaskazini Mashariki ya Kenya, kwa watu ambao ni ndugu zetu katika dini na jirani zetu vile vile, maana mto upitao Garissa ndio huo huo umwagao maji yake Kipini.

Tarehe 22 Novemba 2014 watu wenye silaha wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Tarehe 2 Aprili 2015 waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakafanya kutenga vivyo hivyo. Waliouawa ni watu 148. Tangu hapo hapakuwa na msafiri wa njia zile asiyejua maana ya kuambiwa Waislamu wasimame huku na wengine kule.

Basi tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, basi jengine likitoka Nairobi kwenda Mandera lilisimamishwa kwa risasi karibu na El Wak. Ndani mlikuwamo abiria zaidi ya 60, wengi wao Waislamu. Amri ilikuwa ile ile. Kwa Muislamu, kutii hakukuwa na gharama yoyote: angeshuka, angesimama kando, na jioni angekuwa kwake. Lakini wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike, na abiria wakakataa kutengana, wakawaambia wale wenye bunduki kuwa wawaue wote au wawaache wote. Miongoni mwao alikuwamo Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi wa skuli. Yeye mwenyewe aliwasimulia waandishi wa habari, akiwa majeruhi, kwamba aliambiwa Waislamu wako salama, naye hakukubali salama hiyo. Alifariki Nairobi Januari 2016 kwa jeraha la risasi ya siku ile. Watu 2 waliuawa palepale, waliosalia wakasalimika. Serikali ilimtunukia mwalimu huyu nishani baada ya kufa kwake, na mwaka 2017 ikatolewa filamu juu ya kisa hiki, iitwayo Watu Wote.

Wengi wakikitaja kisa hiki humtaja mwalimu, na anastahiki. Lakini kwa swali letu mimi huutazama zaidi ule mtandio. Mwanamke anayevua mtandio wake wa juu akampa jirani yake hakutoa hotuba. Amefanya kitendo kidogo, tena kimya kimya. Lakini kila aliye karibu naye amekiona, na amekwisha kujua kwamba akikataa hatakataa peke yake.

Jambo hili wataalamu wa elimu ya nafsi wamelipima. Mwaka 1951 Solomon Asch, mwalimu huko Marekani, alieleza majaribio yake ya kumkalisha mtu mmoja kati ya kundi lililofundishwa kwa siri kusema uongo. Walionyeshwa mistari, wakaulizwa upi una urefu sawa na mwengine. Jambo la macho tu, hata mtoto hulijua. Kundi zima lilipojibu kwa kukosea, watu watatu katika kila wanne walifuata kosa hilo angalau mara moja. Walipoulizwa baadaye, wengine walisema waliyatilia shaka macho yao, na wengine walikiri kuwa waliijua kweli ila hawakutaka kuonekana wa mbali. Kisha Asch akamweka ndani ya kundi mtu mmoja tu wa kusema kweli. Makosa yakashuka hata yakabaki kama robo ya yale ya kwanza. Na mwenzi huyo alipogeuka katikati akawafuata wengi, yule aliyemtegemea akaanguka upesi.

Wanavyuoni wetu walilijua hili bila ya mistari. Sote twaihifadhi hadithi ya kuuondoa uovu kwa mkono, kisha kwa ulimi, kisha kwa moyo. Ni wachache wanaokumbuka sababu ya kusimuliwa kwake katika Sahihi Muslim. Marwan alitanguliza khutba kabla ya sala ya Idi. Mtu mmoja, ambaye hata jina lake hakutajiwa hapo, akasimama akamkataza. Ndipo Abu Said al-Khudri aliposema kuwa huyu ametimiza wajibu wake, akaisimulia hadithi ile. Hebu fikiri, ndugu yangu: hadithi hii mashuhuri, kwa njia hiyo, imetufikia kwa kuwa sahaba alikubali kuwa mtu wa pili.

Hapana budi kutaja tahadhari moja. Si kila aendaye kinyume na wengi ana haki. Hata wale waliolisimamisha basi walijiona ni wachache waliobaki juu ya haki. Lakini wao gharama ya itikadi yao waliwatwisha wengine. Salah Farah aliilipa mwenyewe.

Na kuna upinzani mwengine mzito zaidi, wa kuwapinga watu wako. Katika vita vya koo vya Wajir, mwaka 1993, wanawake wachache wa koo mbalimbali, akiwamo Dekha Ibrahim Abdi, walianza kukaa pamoja ili soko liwe la wote, ilhali kwao kumuuzia mwanamke wa ukoo wa pili kulihesabiwa khiyana. Walikwenda kwa wazee, na mwaka huo huo wazee wakatia saini mapatano ya Al Fatah.

Nami nina la kukiri. Miaka michache nyuma, katika mkutano wa msikiti mmoja ambao sitautaja, kijana aliuliza kwa adabu kodi ya nyumba za wakfu yaingia wapi. Watu wakatazama chini. Mimi nilikuwa nimeyaona madaftari, nikajua kuwa swali lake ni la haki, nikanyamaza. Tulipokuwa tukitafuta viatu mlangoni nilimshika mkono nikamwambia, "Umesema kweli, mwanangu." Akanijibu kwa upole, "Shekhe, mbona hukuniambia kule ndani?"

Tangu siku ile hakuhudhuria tena mkutano wetu, wala hesabu ile haijasomwa. Mkutano wa mwaka huu ni Jumamosi baada ya Isha. Nimempelekea salamu aje, nami nitakaa ubavuni pake.