Mtoto Ajue Kwao: Mazingira ya Kwale Kama Darasa

Mwombe mwanafunzi wa gredi ya nne akuchoree mlima wenye theluji. Atauchora bila shida, kilele cheupe na jua pembeni. Sasa mwombe akuchoree mchu na mkoko, tena aonyeshe tofauti yake. Hata anayeishi hatua chache kutoka ufuoni huenda akakuchorea mti mmoja na kuupa majina mawili. Na kwale mwenyewe, yule ndege wa nyasini, ni watoto wangapi wa kaunti hii wanaoweza kumtambua akipita?

Haya si mambo ya kuwalaumu walimu. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, serikali ya kaunti husimamia elimu ya chekechea. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Lakini mtaala wa umilisi umefungua mlango katika ngazi zote. Chekechea wana Shughuli za Mazingira, madarasa ya chini yanaruhusiwa kutumia lugha ya eneo la shule, nayo Masomo ya Jamii ya gredi ya nne yanaanza na kaunti ya mtoto. Kinachobaki ni kumtoa mtoto nje.

Tuchukue ghuba ya Gazi, Msambweni, kama mfano. Maji yakiwa yamekupwa, darasa moja linaweza kupata hapo kazi ya muhula mzima. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari. Mkoko hufuata, na mizizi yake iliyojipinda kama magongo. Mchu huchomoza vijiti vingi topeni mfano wa penseli, na hivyo ndivyo unavyopumua, kwa kuwa tope lile halina hewa. Mpe mtoto jani la mchu alirambe. Atakuta chumvi, maana mti huo huitoa kupitia majani, na hatasahau. Kisha mwonyeshe mbegu ya mkoko ambayo huota ingali juu ya mti, ikarefuka kama kijiti cha kijani, halafu ikadondoka topeni tayari kuishi.

Hesabu nazo zipo. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Yakijaa saa nne asubuhi Jumatatu, Ijumaa yatajaa saa ngapi? Jibu ni karibu saa saba na dakika 20 mchana, na mtoto wa mvuvi anaweza kulihakikisha kwa macho. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua. Ukiwa nusu, maji mafu. Hata wafanyabiashara wa miti wana kipimo chao: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, kutoka nyembamba hadi nene. Mwalimu akileta uzi na rula, hilo tayari ni somo la mzingo na kipenyo.

Lakini yapo mambo ambayo jani na rula haviwezi kuyasema. Miaka ya 1970 sehemu ya mikoko ya Gazi ilifyekwa kuwa kuni za viwandani. Kazi ya kupanda upya ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mnamo 2013 wakazi wa Gazi na Makongeni wakaingia katika mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni iliyofungwa mitini na topeni. Fedha zake zimesaidia maji na shule za hapo. Waliouona ufuo ukiwa mtupu, wakajua samaki na kaa walivyopungua, leo ni wazee. Mtoto asiyewasikia ataikuta mikoko imesimama na kudhani imekuwa hivyo siku zote. Mtu wa namna hiyo akikua, akajiwa na mnunuzi wa boriti, atakuwa na sababu gani ya kukataa?

Wapo wazazi wanaonung'unika kwamba hawakumpeleka mtoto shule akashike kaa. Malalamiko yao yana msingi. Mtihani haumsubiri mtu, na sare yenye tope ni kazi ya mama. Hata hivyo anayejifunza mzunguko wa mwezi kwa kuhesabu bamvua anajifunza kile kile kitabu kinachotaka, isipokuwa amekishika. Mzazi naye ana nafasi yake: mwambie mwanao jina la kila kisima, jabali na mti mkubwa wa kijijini, kwa Kidigo, Kiduruma, Kikamba au lugha yoyote ya nyumbani, na umweleze lilivyopatikana. Anayepita Shimoni ajue ni mapango gani yaliyoupa mji jina, na kwamba ndani yake walizuiliwa watu waliotekwa utumwani.

Shule za Kinango zisione hili ni la watu wa pwani. Mbuyu mmoja, bwawa linalokauka na alama za nyayo za mifugo vinatosha kufundisha mvua, udongo na malisho, na mfugaji jirani ni mwalimu asiyedai nauli.

Kwa shule zinazopanga ziara: tazameni kwanza ratiba ya maji, na muondoke mikokoni kabla hayajaanza kurudi. Chukueni mwenyeji wa kuongoza, na msikate hata fito moja, kwa kuwa mikoko ni msitu wa serikali. Wanaokwenda Kaya Kinondo, iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, wawaombe idhini wazee wa kaya mapema. Mlangoni mtafungwa kitambaa cheusi kiunoni, na mkitoka, jani, jiwe na kijiti vyote hubaki ndani. Waelezeni watoto masharti hayo darasani kabla ya safari, ili wakifika wasikilize badala ya kushangaa.